Radhi Isiyo na Lakini

Bi Mwanasha alizikwa Jomvu Kuu baada ya swala ya alasiri, na Bakari, mwanawe wa pekee, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Hilo niliambiwa, maana sisi wanawake tulibaki nyumbani na misahafu yetu, tumebanana katika ukumbi ule ule niliokuwa nikiufagia nilipokuwa na miaka ishirini. Sikuwa nimeingia nyumba ile tangu nilipotoka. Wamebadilisha bati, wametia vigae sakafuni, lakini dirisha la chumba cha kati bado halifungi mpaka ulisukume kwa kiwiko, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kulisukuma kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mgeni. Msichana aliyekuwa akigawa kahawa akaniuliza, "Kwani mama waijua nyumba hii?" Nikamwambia naijua kidogo. Nilipotoka kutafuta viatu vyangu nikamwona mzee wa bara ameketi peke yake mwisho wa busati la wanaume, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na juu ya jicho la kushoto ana kovu. Aliponiona alisimama. "Wewe ni Mishi," akasema. Alikuwa Kilonzo, askari jela wa zamani. Amestaafu, amejenga Utange, na kumbe miaka yote hii amekuwa akija kumwamkia Bi Mwanasha kila Idi. Nilivaa viatu vyangu nikamuaga. Nilirudi kwangu Mikindani na hasira niliyodhani imeshakwisha, na mtu mwenye hasira hawezi kulala bila kusema, kwa hivyo nasema.

Mwaka haya yalipoanza nilikuwa mke wa mfungwa. Kwetu ni wapi na niliolewaje si habari ya hapa. Bakari alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, wa lori lililotoa mizigo bandarini, na siku moja magunia ya sukari yakapotea kati ya bandari na Changamwe. Dereva akatoroka. Mume wangu yeye akabaki amekaa juu ya gari akimngoja, ati atarudi, na akafungwa kwa niaba ya wote wawili. Bi Mwanasha akakataa katakata nirudi kwetu. "Mke wa mwanangu hangoji kwa watu," akasema, akanipa chumba cha kati chenye dirisha bovu, na hapo ndipo nilipoishi, mimi na kitanda cha kamba kilicholegea na suruali mbili za Bakari zilizoning'inia msumarini. Alfajiri tulikaanga mahamri ya kuuza, mchana tulikuna nazi, na kila siku ya kuzuru tulifunga safari ya kwenda jela, upande wa pili kabisa wa mji, tukibeba habari za nyumbani na kurudi na habari za huko. Sikuwa na furaha lakini nilikuwa na mahali pa kuelekea, maana siku yake ya kutoka ilijulikana. Mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi ya kifungo, na Bakari alikuwa na tabia njema hadi ya kuudhi. Ukipiga hesabu na theluthi yake, angetoka mwezi wa pili baada ya Idi.

Sasa lazima niwaeleze ule ukumbi, la sivyo hamtaelewa kitu. Ukumbi wa Bi Mwanasha ulikuwa korti ya mtaa mzima. Waliogombania mpaka wa shamba, waliovunjiana heshima msibani, mke na mawifi zake, wote waliishia pale juu ya mkeka, nami nikiwa uani na mbuzi yangu ya kukunia nazi, masikio yamesimama. Hakuwa msomi wala hakuwa na cheo. Alikuwa na sharti moja tu: anayeomba radhi asitie lakini. Namkumbuka kijana mmoja fundi baiskeli aliyempiga shemeji yake kofi. Akaanza, "Naomba radhi, lakini na yeye..." Bi Mwanasha akamkata kauli. "Toka nje uingie tena." Kijana akatoka, akavua viatu upya, akapiga hodi, akaketi, akasema naomba radhi lakini alinianza. Akatolewa tena. Mwishowe jasho likimtoka akasema naomba radhi, basi, akanyamaza, na yule shemeji akaangua kicheko, kahawa ikaletwa, na ni shemeji mwenyewe, wallahi nilimsikia kwa masikio yangu, aliyesema, "Na mimi nilikuanza, ndugu yangu." Walipokwenda zao Bi Mwanasha akaniambia, huku akipepeta mchele, "Waona? Lakini yako haisemwi na wewe. Husemwa na uliyemkosea. Ukiisema wewe ni kelele." Niliona ni maneno makubwa sana. Hadi leo sijui kama ni ya uongo. Najua tu kwamba yana mahali pake, na mahali pake ni Jomvu Kuu.

Ramadhani ikaingia. Kitanda tulikuwa tumeshakiwamba kamba mpya, chumba nimekipaka chokaa mwenyewe, na suruali mbili nimezifua na kuzianika hadi zimepauka. Siku moja, nimepika uji wa pilipili manga na viazi vya nazi, tunangoja adhana, akaja kijana wa Frere Town aliyekuwa ametoka jela siku ile ile. Hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni akasema, "Bakari kampiga askari. Kamtoa damu." Bi Mwanasha akamwuliza kama Bakari ndiye aliyepigwa kwanza. Kijana akasema hajui, yeye alikuwa jengo jingine, alilosikia ni kwamba Bakari yuko kwenye selo ya peke yake na kwamba kesi mpya inakwenda kortini. Kisha akaondoka haraka, kama mtu aliyeacha mzigo mlangoni pa watu. Adhana ikalia. Bi Mwanasha alikunywa maji, akala tende moja, akafunika kila sahani niliyoipakua. "Amegusa mtu wa serikali," akasema. Ule uji tuliumwaga asubuhi.

Walitukatalia kumwona kwa muda. Waliporuhusu, alikuja kwenye wavu akiwa amepungua, na uso umejaa aibu ya mtoto aliyevunja kitu cha watu. Akatueleza. Jela hugawa chakula cha jioni jua likiwa bado juu, kisha milango hufungwa. Anayefunga Ramadhani hawezi kula saa ile, kwa hivyo huweka bakuli lake pembeni, hulifunika na shati, na magharibi ikifika hufuturu kwa ugali uliopoa na maharage yaliyoganda. Sheria ya jela inasema chakula hakikai selo. Lakini askari wote wa pale, hata wasiokuwa Waislamu, walikuwa wakipita na kugeuza uso mwezi ule. Haikuandikwa popote, ilikuwa mazoea tu. Kilonzo aliletwa kutoka bara Ramadhani ikiwa imeshaanza na hakuna aliyemwambia. Siku yake ya kwanza ya kupekua akakuta mabakuli yamefunikwa mashati, akadhani watu wanaficha kitu, akayamwaga yote kwenye ndoo. La Bakari lilikuwa la mwisho. "Nilimwambia, afande, nimefunga," Bakari alisema. "Akaniambia hata mimi nimekufungia, na akacheka. Alidhani ni mzaha wa jela. Sijui kilichonipanda. Nililichukua lile bakuli nikampiga nalo usoni." Akatazama mikono yake. "Na mimi sikuwa hata na njaa siku ile, mama. Hilo ndilo linaloniuma."

Nikaanza kupiga kelele pale pale kwamba basi ana haki, mtu kamwagiwa futari, na asiyekasirika kwa hilo ni maiti. Bi Mwanasha akanibana mkono. "Nyamaza, Mishi. Kupiga amepiga." Alimgeukia mwanawe akamwuliza jina la yule askari na anakaa wapi. Kwenye njia ya kurudi nilijua anapanga nini, maana vidole vyake vilikuwa vinahesabu vitu vya kununua: mchele, bizari, nyama ya mbuzi.

Idi ilipokwisha tukaenda nyumba za askari, mimi nimejitwika sinia la pilau limefunikwa kawa, yeye ametangulia na chupa ya kahawa. Kilonzo alikaa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia mkewe alikuwa akibembeleza mtoto. Kulikuwa na kiti kimoja. Akataka kumpa Bi Mwanasha, Bi Mwanasha akaketi chini kwenye saruji, kwa makusudi, na Kilonzo akachanganyikiwa kabisa, mtu mzima ameketi chini yeye amesimama. Juu ya jicho lake bado kulikuwa na bandeji. Bi Mwanasha akasema, "Mwanangu, mimi ni mamake Bakari. Mwanangu amekupiga. Nimekuja kukuomba radhi." Akanyamaza hapo hapo. Mimi ulimi uliniwasha hadi nikauuma. Mtoto akalia nyuma ya pazia, na Kilonzo naye akaketi chini. "Mama," akasema, "mimi sikujua kama walikuwa wamefunga. Kwetu hakuna hayo mambo. Waliniambia baadaye, nikasikia vibaya sana. Hata mimi mtu akinimwagia chakula nitamgonga." Nikaona Bi Mwanasha anafumba macho kwa raha. Ile lakini imesemwa na aliyekosewa mwenyewe, na sharti limetimia.

Alikula. Mkewe alitoka nyuma ya pazia na vijiko, akala pia, na mtoto akapewa kiazi. Kilonzo alipomaliza alifuta mdomo akasema jambo ambalo mimi nililisikia na Bi Mwanasha hakulisikia, ingawa alikuwa karibu naye kuliko mimi. "Sasa mama, hiyo kesi sio yangu. Mkubwa ameshaipeleka kortini. Ni ya Jamhuri. Mimi ni shahidi tu." Bi Mwanasha akacheka kwa upole. "Jamhuri imepigwa wapi? Aliyeshonwa uso si wewe?" Kilonzo akasema ndiyo ni yeye, na akaahidi, hapo juu ya sinia tupu, kwamba siku ya kesi atakapoitwa atasema yote: kwamba alimwaga futari ya mtu kwa kutojua, kwamba mama mtu amekuja, kwamba yeye amesamehe. Alisema kwa moyo mweupe. Nimekaa miaka mingi nikimtafutia hila yule mtu nisiione, na ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama ningeiona. "Basi yamekwisha," Bi Mwanasha akasema, akanawa mikono.

Siku ya kuzuru iliyofuata alimfundisha Bakari kwenye wavu jinsi ya kusema. Nami nilikuwepo, nimeshika mkoba wake. "Wakikuuliza ni kweli umempiga, sema ni kweli. Usitie lakini. Yule amenilia chakula, ameridhika, na ataisema mwenyewe." Bakari akauliza, "Na ile futari, mama? Nisiitaje?" "Ukiitaja wewe utakuwa wamlaumu mbele za watu, na ameshasamehe. Akiitaja yeye itakuwa na uzito. Wewe omba radhi unyamaze." Bakari akanitazama mimi. Mfungwa mmoja ndani, akasema, amemshauri akatae, aseme si kweli, ili kesi isikilizwe na mashahidi waitwe. Bi Mwanasha akaghadhibika. "Akatae? Aseme uongo kizimbani, na mtu damu imemtoka? Mimi sikuzaa mwongo." Huo ukawa mwisho wa habari. Na hebu niambieni, nani kati yetu angebisha? Kama ni jambo la haki na murua, alikuwa na haki na murua tele.

Kortini tulifika mapema, tukakaa benchi la nyuma. Kilonzo alikuwa benchi la mbele, sare imepigwa pasi, bandeji imeshatolewa. Aligeuka akatuamkia kwa kichwa. Bakari alipopandishwa, karani akasimama akasoma shtaka kwa Kiswahili cha haraka kisicho na nukta: kwamba wewe Bakari, ukiwa mfungwa, ulimshambulia na kumjeruhi askari wa magereza akiwa katika kazi yake. "Ni kweli au si kweli?" Bakari akasema, "Ni kweli." Akamtazama mamake. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo: kwamba askari alikuwa akifanya upekuzi wa kawaida, kwamba alikuta vitu visivyoruhusiwa, kwamba mshtakiwa alimpiga kwa bakuli. Vitu visivyoruhusiwa, ndivyo futari ilivyoitwa. "Maelezo hayo ni kweli au si kweli?" Hapo Bakari alisita. Nilimwona akisita, nami nikaomba kwa roho yangu yote aseme lakini, neno lile moja, hakimu aandike hata kama hapendi. Akasema, "Ni kweli." Hakimu akainamisha kichwa akaandika. Kisha akauliza kama mfungwa ana la kusema kabla ya hukumu. "Naomba radhi," Bakari akasema, akanyamaza, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

Sisi tulikuwa tunangoja Kilonzo aitwe. Kilonzo mwenyewe alikuwa anangoja aitwe, ameshafungua kifungo cha mfuko, ameketi kwenye ncha ya benchi. Hakuna hata mmoja wetu, si mimi, si Bi Mwanasha, si yule askari aliyekula mshahara wa sheria, aliyeelewa, pamoja na ule ushauri wa mfungwa, kwamba mtu akisema ni kweli, mashahidi hawaitwi. Wa nini tena? Mwenyewe ameshakiri. Kilonzo alipoona hakimu anaanza kusoma, aliinua mkono kama mwanafunzi. Askari wa korti akamwashiria aushushe. Akauinua tena, akasimama na yeye mwenyewe, akasema, "Mheshimiwa, mimi nimemsamehe." Hakimu alimwambia kwa Kiingereza, karani akatafsiri, kwamba hilo ni jema kwa nafsi yake na aketi chini. Kisha akaeleza, bila ukali, na sisemi alisema uongo, kwamba askari jela huingia peke yake bila silaha katikati ya watu wengi. Kwamba sheria inamlinda yeye, na inamlinda daktari, mwalimu, hata mgeni anayekanyaga jela. Kwamba akiguswa mmoja na aliyemgusa akapata afueni, wote wanaoingia kule watakuwa roho mkononi. Miaka mitatu. Na isiende pamoja na kile kifungo cha kwanza, ianze siku kile kitakapokwisha. Jela nayo ilikuwa imeshamnyang'anya ile theluthi, kwa hivyo kile cha kwanza kilibidi kiishe chote.

Nje, chini ya ukuta wa korti, Bi Mwanasha alimshika Kilonzo mkono wa shati. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. "Kwani kwenu aliyekosewa haulizwi?" Kilonzo akasema, "Nilikuwa nangoja waniite, mama. Sikuitwa." Akarudia maneno hayo mara nyingi, akampa mkono, akaondoka, akarudi tena akasema sikuitwa. Mimi sikumwambia kitu. Nilichokuwa nacho mdomoni hakikuwa cha kusemwa mbele ya mtu mzima, na hakikuwa chake peke yake, nusu yake kilikuwa cha Bi Mwanasha. Tulipofika nyumbani alikuta wanawake wawili wanamngoja ukumbini na ugomvi wao wa ukoo. Aliwatazama akawaambia, "Leo nendeni kwa chifu." Tangu siku ile hakumpatanisha mtu. Watu walikuja, walibisha hodi, aliwapa kahawa, akawasikiliza, na wakingoja aseme husema mimi sijui. Hilo nadhani lilimwumiza kuliko kifungo, kwa sababu kifungo alichopewa Bakari kilikuwa na mwisho.

Bakari tulimwona mara moja tu kabla hajahamishwa. Aliyegusa askari haachwi karibu na kwao. Walikuwa wanampeleka jela ya bara, mbali, mahali ambapo Bi Mwanasha na miguu yake asingefika, na mimi peke yangu ningefika mara moja kwa mwaka, kama ningefika. Bakari alijua. Alikuja kwenye wavu amenyolewa upya, akamwamkia mamake, akamwomba asogee pembeni kidogo. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Mishi, nimekuacha. Talaka moja." Nikamwuliza kama amerukwa na akili. Akasema, "Una miaka ishirini. Mimi sitoki huku." Nikamwambia atatoka, si milele, nitangoja, nimeshangoja kifungo cha kwanza. Akatikisa kichwa. "Nilidhani nina siku ya kutoka, nikawa nazihesabu siku, nikapiga mtu kwa bakuli. Huko ninakokwenda sitaki kuwa na mtu ninayemhesabia siku. Nitapiga tena." Nikaukamata ule wavu nikautikisa hadi askari akaja. Nililia mbele za watu, mimi ambaye sijawahi, na sikujali.

Wasiojua niwaeleze kidogo. Talaka moja haikati. Mwanamke hukaa eda katika nyumba ya mumewe, hatoki ovyo, miezi kama mitatu, na katika muda ule mume akisema tu kwamba nimekurejea, basi amerejea, hakuna harusi mpya wala mahari. Neno moja. Bi Mwanasha alinishikia neno hilo kama dawa. "Amesema kwa uchungu," alisema. "Akifika huko akatulia atakurejea. Wewe kaa." Nikakaa. Chumba cha kati, chokaa mpya, kitanda kilichowambwa kwa ajili yake nikilalia peke yangu. Bi Mwanasha alinipikia kama anayeuguza: muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa sinia wa kunywea chai, na kila sahani aliileta mwenyewe akaketi ukingoni mwa kitanda hadi nimeze. Hatukuongea juu ya korti. Mara moja tu, nikiwa na sahani mapajani, nikamwambia, "Lau angesema lile neno kortini." Alijua ni neno gani. Akasema, "Naam," akaichukua sahani, na nikamsikia uani akiisugua muda mrefu kuliko uchafu wake. Nilimpenda na nilitaka kumpiga, vyote viwili, kila siku.

Kilonzo alikuwa na mwenzake aliyekuwa zamu katika ile jela ya bara. Bi Mwanasha alimtumia salamu aje, akaja, akapewa kazi: ampigie yule mwenzake simu, naye amwulize Bakari, ana neno kwa mkewe? Amwambie mkewe bado yuko ndani ya eda, siku zinakwisha. Kilonzo aliichukua kazi ile kwa bidii ya kutisha. Alikuja mwezi wa kwanza akasema hajampata. Alikuja tena akasema Bakari amesikia, hajajibu. Kila alipobisha hodi moyo wangu ulikwenda mbio hadi nikaona haya, maana sauti ya mtu aliyetuharibia ndiyo niliyokuwa nikiingoja kama sauti ya mume. Nilikuwa najifunza hodi yake. Nilikuwa nimeshapanga nitakalosema: nitasema alhamdulillahi, nitatoka uani, nitacheka peke yangu.

Alikuja kwa mara ya mwisho siku eda inamalizika, mchana, mimi nakunja nguo. Nilimsikia akikaribishwa ukumbini, akikataa kahawa, na sikuweza kungoja. Nikasimama nyuma ya mlango wa chumba, kichwa nimekifunika. "Umempata?" Bi Mwanasha akauliza. "Nimempata mwenyewe, mama. Mwenzangu alimpa simu kwa siri. Tumeongea." "Yuwala?" "Anakula." "Haya, nambia." Kilonzo akasema, "Nilimwambia vile uliniambia. Nikamwambia, bibi yako bado yuko ndani, anangoja neno lako." "Akasemaje?" "Alinyamaza, nikafikiri simu imekatika. Halafu akasema, mwambieni atoke."

Bi Mwanasha aliinuka. Alikuja akasukuma mlango akanikuta nimesimama pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile hakuwa na chakula mkononi. Alinifungia mtandio wangu vizuri, upande mmoja kisha wa pili, kama mtoto anayekwenda madrasa, akachukua furushi langu la nguo, na ni yeye aliyenifungulia mlango wa mbele.